Uzbekistan kwa anayekwenda mara ya kwanza: ushauri upi bado ni kweli?

Mtu anayejiandaa kwenda Uzbekistan, nchi ya Asia ya Kati, huanza kwa kuuliza huku na huku, na majibu anayopata yanagongana. Mmoja anamwambia abebe dola taslimu akabadilishe kwa vijana wa sokoni, benki asiisogelee. Mwingine anamwambia kadi yake ya benki inatosha. Mmoja anamwonya asithubutu kutoa simu kwenye metro, yaani treni za chini ya ardhi, ya mji mkuu Tashkent, na mwingine anamtumia picha kumi alizopiga humo humo. Anaambiwa viza ni kazi ya miezi, kisha anaambiwa viza ni kazi ya siku chache. Wote wanasema kweli. Kila mmoja anaeleza nchi aliyoikuta, na nchi hiyo imegeuka sana ndani ya muda mfupi.

Tuanzie hapo, maana fundo lote limefungwa hapo. Uzbekistan ilijitangazia uhuru mwaka 1991, Umoja wa Kisovyeti ulipokuwa unasambaratika, na kwa miaka 25 ikaongozwa na Islam Karimov. Wakati wake mgeni alikuwa mtu wa kuchungwa. Karimov alifariki Septemba 2016, akaingia Shavkat Mirziyoyev, na milango ikaanza kufunguliwa mmoja baada ya mwingine. Septemba 2017 sarafu yao, so'm, iliachwa ipande na kushuka yenyewe. Dola moja, ambayo kwa bei ya serikali ilikuwa so'm 4,210, ikaruka siku moja hadi so'm 8,100, na wale vijana wa sokoni wakakosa kazi. Katikati ya 2018 viza ya mtandaoni ikaanza kutolewa, na mwaka huo huo marufuku ya kupiga picha kwenye metro ikaondolewa. Februari 2019 raia wa nchi 45, zikiwemo za Umoja wa Ulaya, wakaruhusiwa kuingia bila viza kwa siku 30.

Kwa hiyo ukipewa ushauri, uliza kwanza mwenye kuutoa alikwenda mwaka gani. Wa kabla ya 2017 uchukue kama historia. Wa baadaye uusikilize, halafu uhakikishe.

Kwenye viza, kosa ninaloliona mara kwa mara ni mtu kudhani kwamba sheria inafuata mahali anapoishi. Inafuata pasipoti. Mtanzania wa Muscat na Mkenya wa Toronto wanahesabiwa kwa pasipoti walizoshika, hata kama wameishi ugenini miaka 30. Ndugu wawili wa tumbo moja, mmoja ana pasipoti ya Uholanzi na mwenzake ya Tanzania, wanaweza kupanga safari moja na kujikuta kwenye foleni mbili tofauti kabisa. Foleni zenyewe ni tatu. Kuna wanaoingia bila viza. Kuna wanaoruhusiwa kuomba viza ya mtandaoni kwenye tovuti ya serikali, e-visa.gov.uz, ambapo viza ya kuingia mara moja na kukaa hadi siku 30 imekuwa ikilipiwa dola 20. Na kuna wanaotakiwa kupata barua ya mwaliko, ambayo kwa kawaida kampuni ya utalii ya huko ndiyo inayoiombea kwa Wizara ya Mambo ya Nje, kisha mtu aende ubalozini.

Ingia kwenye tovuti hiyo, fungua orodha ya nchi, tafuta yako. Usipoiona, uko kwenye foleni ya tatu, nayo inataka wiki kadhaa, kwa hiyo usilipie tiketi ya ndege isiyorudishwa pesa kabla ya mwaliko kutoka. Ukiiona, jaza jina lako herufi kwa herufi kama lilivyo kwenye mistari miwili ya chini ya ukurasa wa picha. Sisi tuna majina matatu, manne, na tuna mazoea ya kuacha la babu pale linapotuchosha. Afisa wa uhamiaji hana mazoea hayo. Jihadhari pia na tovuti za madalali zinazofanana na ya serikali na kutoza mara tatu au nne.

Ukishaingia, kuna kikaratasi. Sheria inataka kila mgeni aandikishwe mahali anapolala ndani ya siku 3 tangu kufika. Waliokulia Tanzania ya balozi wa nyumba kumi hawatahitaji maelezo marefu: mgeni wa kulala alipelekwa kwa balozi, akaandikwa kwenye daftari, mambo yakaisha. Uzbekistan kazi hiyo inafanywa na hoteli. Wanachukua pasipoti yako mapokezi, wanaingiza taarifa kwenye mfumo, na nyingi bado zinakupa kikaratasi chenye jina na tarehe, kidogo kama risiti ya duka. Kiweke ndani ya pasipoti. Kila hoteli na chake, hadi siku ya kuondoka.

Shida huja unapotoka kwenye njia hiyo. Ukilala kwa rafiki, mwenye nyumba ndiye anayewajibika kukuandikisha, na siku hizi anaweza kufanya hivyo mtandaoni, ila watu wengi husahau. Ukikodi chumba cha mtu binafsi, muulize kabla hujalipa: utaniandikisha? Akisitasita, tafuta kwingine. Usiku uliolala kwenye treni unathibitishwa na tiketi, kwa hiyo usiitupe. Wasafiri wengi huondoka bila kuulizwa kikaratasi hata kimoja, nao ndio wanaowaambia wengine kwamba havina maana. Sheria bado ipo na faini bado ipo, na kubeba karatasi tano hakumchoshi mtu.

Pesa sasa ni jambo rahisi, isipokuwa kwa sifuri zake. Dola moja inazunguka so'm 12,000, na kwa Mtanzania hesabu ya haraka ni kugawa kwa tano ili kupata shilingi. Noti kubwa ni ya 200,000, na kabla ya 2013 kubwa ilikuwa ya 1,000, ndiyo maana wazee wa safari wanasimulia habari za kubeba mifuko ya pesa. ATM za mjini zinapokea Visa na Mastercard. Sokoni, kwa madereva na kwenye vijiji, taslimu bado ndiyo inayosikika. Dola za akiba chukua zilizo safi, zisizokunjwa wala kuandikwa kalamu, kwa sababu noti iliyochakaa inaweza kukataliwa dirishani.

Treni nitazikalia kidogo, maana hapo ndipo safari nyingi zinapoharibika. Kuna treni ya kasi inayoitwa Afrosiyob, iliyotengenezwa Hispania, inayokimbia tangu 2011 kati ya Tashkent na Samarkand. Kilomita 344 kwa saa mbili na kidogo. Tangu 2016 inafika Bukhara. Kila mgeni anaitaka, wenyeji nao wanaitaka, na katika miezi mizuri viti vinakwisha mapema. Tiketi hutolewa wiki kadhaa kabla ya safari. Panga tarehe zako kwa kufuata treni, halafu ndipo utafute hoteli. Ikishindikana, kuna treni za kawaida, kama ile iitwayo Sharq, zinazokwenda polepole zaidi lakini ni safi na zinafika.

Sasa, mtu anafungua tovuti ya reli, anaandika Bukhara, hapati kitu. Anaandika Khiva, kimya. Anaamua kwamba treni hakuna. Treni ipo. Kiuzbeki kinaandikwa kwa herufi za Kilatini ambamo X inasomeka kama kh, kwa hiyo Bukhara ni Buxoro na Khiva ni Xiva. Tashkent ni Toshkent, na Samarkand ni Samarqand, kwa ile herufi ya Kiarabu, qaf, ya madrasa. Andika hivyo na majina yatajitokeza. Wakati mwingine utakuta maandishi ya Kirusi badala yake, hasa kwenye mabango ya zamani, kwa hiyo weka programu ya tafsiri kwenye simu kabla hujasafiri.

Tashkent ina stesheni kubwa mbili, Shimoliy, yaani ya kaskazini, na Janubiy, ya kusini. Majina yenyewe yametoka kwenye Kiarabu, shimali na janubi, na msomaji wa pwani ameshayatambua. Angalia tiketi yako imeandikwa ipi, kwa sababu ziko mbali. Mlangoni utaonyesha pasipoti na mizigo itapitishwa kwenye mashine, kwa hiyo fika mapema. Saa zilizoandikwa ni za mfumo wa saa 24, na Tashkent iko mbele ya Dar es Salaam na Nairobi kwa saa mbili. Anayehesabu saa kwa Kiswahili ana kazi mbili za kubadilisha kichwani: 19:30 kwenye tiketi ni saa moja na nusu usiku ya kwao, wakati nyumbani ni saa kumi na moja na nusu jioni. Mimi nilikuwa naandika saa ya Kiswahili kwa kalamu pembeni ya kila tiketi.

Kutoka Bukhara kwenda Khiva ni zaidi ya kilomita 400 kupitia jangwa la Kyzylkum, kwa gari ni siku nzima au karibu yake. Mwenye siku tano tu aiache Khiva kwa safari nyingine na azigawe siku hizo kwa Tashkent, Samarkand na Bukhara. Najua inauma, kwa sababu mji mkongwe wa Khiva, Itchan Kala, umezungushiwa ukuta mzima na ni wa ajabu. Lakini kuuona kwa saa tatu ukiwa umechoka ni kujinyima.

Kuhusu lugha, wengi huambiwa bila Kirusi utahangaika. Kirusi kinasaidia kweli, hasa Tashkent, na vijana wengi wa hotelini wanajua Kiingereza. Ila msemaji wa Kiswahili ana akiba ambayo hajui kama anayo. Kiuzbeki ni ndugu wa Kituruki, hakihusiani na Kibantu hata kidogo, lakini kimekopa kwa Waarabu na Waajemi vilevile kama sisi. Kitabu kwao ni kitob. Daftari ni daftar, kalamu ni qalam, dunia ni dunyo, umri ni umr, wakati ni vaqt, saa ni soat, dua ni duo, adabu ni adab, chai ni choy. Maktab ni shule, na anayefundisha humo anaweza kuitwa muallim. Ukimaliza kula na unataka bili, sema “hisob”, hesabu, na muhudumu ataelewa. Asante ni “rahmat”, na ukisikia rehema ndani yake hukukosea. Jihadhari na neno moja dogo: “ha” ni ndiyo.

Hata namna ya kuitana itakukumbusha nyumbani. Mwanamume anayekuzidi umri kidogo ni aka, kaka. Mwanamke ni opa, dada. Mama mtu mzima ni xola, kama tunavyomwita mama mdogo au shangazi mtu tusiyemjua. Kumwita dereva kwa jina lake tupu ni kama kumwita babu wa jirani “Juma” mbele ya watu. Salamu ni “assalomu alaykum”, mkono wa kulia ukiwekwa kifuani, na mwanamume asimnyooshee mwanamke mkono kabla mwenyewe hajaunyoosha. Mtu mweusi atatazamwa, na ataombwa picha, wakati mwingine na familia nzima kuanzia bibi hadi mtoto wa mgongoni. Mimi nilichokutana nacho ni udadisi wa watu wasiotuona mara nyingi. Kama hutaki, weka mkono kifuani, tabasamu, endelea na safari yako.

Chakula chao kikuu, osh, ambacho wageni hukiita plov, ni pilau. Jina ni lile lile la Kiajemi lililotufikia sisi kwa njia ya bahari na kuwafikia wao kwa njia ya nchi kavu. Hata bizari yake, ambayo Mombasa wengine huiita jira, wao wanaiita zira. Tofauti iko chunguni. Nyama ya kondoo na vitunguu vinakaangwa kwa mafuta mengi, karoti zilizokatwa kama njiti zinamwagwa juu kwa wingi unaoshangaza, kisha mchele unatandazwa bila kukorogwa na kuachwa uive kwa mvuke wa chini. Ni chakula cha mchana. Mahali pazuri hupika sufuria moja kubwa asubuhi, na kufikia saa nane wameshafuta sufuria, kwa hiyo anayeitafuta usiku anakula kiporo au kitu cha kuwaridhisha watalii. Vipande vyeusi vya mviringo vinavyowekwa juu yake mara nyingi ni qazi, soseji ya nyama ya farasi. Usiyetaka, sema mapema. Na ingawa nchi ni ya Waislamu kwa wingi wake, pombe inauzwa waziwazi, kwa hiyo mwenye kujali halali asichukulie kila kitu kuwa kimekaguliwa kwa ajili yake. Aulize.

Mkate una sheria zake. Katika soko la Siyob, Samarkand, chini ya kuta za msikiti wa Bibi-Khanym, niliona mama mmoja amepanga mikate yake juu ya kitoroli cha mtoto, mizito, inang'aa kama imepigwa vanishi, katikati imetobolewa nakshi ya mviringo na kunyunyiziwa ufuta na habasoda. Nilinunua mmoja, nikauweka kwenye benchi nitoe pesa, nikauweka uso chini. Hakusema neno. Alinyoosha mkono, akaugeuza, akaupangusa kwa kiganja kama anavyopanguswa mtoto aliyeanguka, kisha akapokea pesa. Non, kama wanavyouita, hauwekwi kichwa chini, haukanyagwi, hautupwi ovyo. Mezani mkubwa huumega kwa mikono na kumwekea kila mtu kipande, wala haukatwi kwa kisu. Chai ya kijani nayo humiminwa kwenye bakuli dogo lisilo na mkono, piyola, na kurudishwa kwenye birika mara tatu kabla ya kugawiwa. Ukipewa piyola iliyojaa nusu, umeheshimiwa: mwenyeji anataka akuongezee tena na tena.

Kwa wasomaji Waislamu, na hata kwa wapenda historia, kuna sababu ya ziada ya safari hii. Tunaposema “amepokea Bukhari”, tunataja mji. Bukhari mwenyewe, Imamu Muhammad bin Ismail, mkusanyaji wa hadithi za Mtume, alizaliwa Bukhara mwaka 810 na kaburi lake liko Khartang, nje ya Samarkand. Imamu Tirmidhi, naye mkusanyaji wa hadithi, ni wa Termez, kusini kabisa, mpakani na Afghanistan. Katika makaburi ya Shah-i-Zinda, Samarkand, unapanda ngazi katikati ya kuta za vigae vya buluu hadi mahali panaponasibishwa na Qutham bin Abbas, binamu yake Mtume. Ibn Battuta, msafiri wa Morocco, yule yule aliyefika Mombasa na Kilwa mwaka 1331, miaka michache baadaye alipita Bukhara na Samarkand, akaikuta Bukhara bado ina makovu ya uvamizi wa Chinggis Khan, mtawala wa Wamongolia.

Vaa nguo za staha mahali hapo, mwanamke awe na mtandio mkobani, viatu vivuliwe. Na ukumbuke kwamba serikali yao inasimamia dini kwa mkono mzito. Kuhubiri ili kubadili watu dini ni kosa, na kuingiza vitabu vya dini kunahitaji kibali. Mhubiri wa kanisa na mtu wa tabligh wote wawili wakae na ujumbe wao nyumbani, waende kama wasafiri.

Kuna mengine ya kutaja haraka. Nenda Aprili na Mei, au Septemba na Oktoba. Julai joto linafika nyuzi 40 na Januari maji yanaganda. Kutoka kwetu utabadilisha ndege njiani, wengi hupitia Istanbul au Dubai. Plagi zao ni za pini mbili za mviringo, kwa hiyo beba adapta. Maji ya bomba usinywe, na karatasi ya chooni iwe mfukoni. Dawa zenye kodeini au tramadoli ni hatari kuingia nazo, kwa hiyo ukiandikiwa na daktari dawa kali ya maumivu, beba cheti chake na uulize kabla. Droni iache nyumbani, kuiingiza ni marufuku. Ukinunua zulia au chombo chenye umri wa zaidi ya miaka 50, kinahitaji hati ya wizara ya utamaduni kutoka nchini, na muuzaji anayekwambia “hakuna shida” hatakuwepo uwanjani. Teksi za mjini zipo kwenye programu ya Yandex Go, bei inaonekana kabla hujapanda. Laini ya simu inanunuliwa kwa pasipoti.

Na kama ukibahatika kulala kwa familia, siku ya kuondoka usishangae ukiletewa mkate mzima mlangoni huku teksi inasubiri. Wanachotaka ni uumege kwa meno, kipande kimoja tu, na kuuacha uliobaki. Zamani vijana waliokwenda jeshini walifanyiwa hivyo, na bado wapo mama wanaowafanyia wasafiri. Mkate huo utaning'inizwa au kuwekwa kabatini na alama ya meno yako, ukikusubiri na kukaukia hapo hapo hadi siku utakaporudi kuumalizia.